Pivo anayeumia kila msimu: achukuliwe ao aachwe? Mutombo aliishi pande zote za swali hili

Tarehe 21 Aprili 2009, mjini Portland inchini Marekani, Dikembe Mutombo aliruka kutafuta mpira, akagongana na kijana Greg Oden, akaanguka akishika goti. Alikuwa na miaka 42. Walimtoa uwanjani wakiwa wamembeba. Baada ya mechi aliwaambia waandishi wa habari kwamba kwake basketi imekwisha, na kweli hakucheza tena.

Wakongomani wengi wanaikumbuka siku ile kama mwisho wa kazi ya mtoto wa Kinshasa aliyedumu misimu 18 katika ligi ya NBA. Wachache wanamkumbuka yule aliyegongana naye. Greg Oden alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka wa 2007, mbele ya Kevin Durant. Msimu wake wa kwanza hakuucheza hata dakika moja kwa sababu ya operesheni ya goti. Hadi anaacha NBA, alikuwa amecheza mechi 105 tu za msimu wa kawaida. Mutombo alicheza 1196.

Hapo ndipo swali letu linaanzia, na kila mwaka mashabiki wa basketi wanalibishania: mtu mrefu mwenye kipaji, lakini anayeumia mara kwa mara, timu imchukue ao imwache? Wengine wanasema mwenye kipaji hawezi kuachwa. Wengine wanasema huwezi kujenga nyumba juu ya goti lililopasuliwa mara mbili.

Hatuhitaji kutafuta jibu mbali. Mutombo mwenyewe aliishi swali hili pande zote. Aliletwa kuchukua nafasi ya pivo aliyeumia. Kisha akawa yeye pivo aliyeumia. Mwishoni akawa mzee wa akiba nyuma ya pivo anayeumia.

Pesa peke yake haitoshi, unatoa mtu

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Katika kandanda, TP Mazembe ikitaka mchezaji inatoa pesa, na habari imekwisha. Katika NBA sivyo. Kuna kikomo cha mishahara, na mara nyingi timu inayotaka mchezaji mkubwa inapaswa kutoa wachezaji ambao mishahara yao inakaribiana na wake, ao haki ya kuchagua vijana katika miaka inayokuja.

Maana yake ni kwamba kila anayeingia, kuna mtu anayetoka. Tena, mchezaji akiumia, mshahara wake unaendelea kuhesabiwa ndani ya kile kikomo. Pivo anayelala kwenye kitanda cha hospitali anakula nafasi ileile ambayo angekula uwanjani. Ndiyo sababu kosa moja linaweza kuifunga timu kwa miaka mitatu ao mine.

2001: Philadelphia haikungoja

Februari 2001, Philadelphia 76ers walikuwa wameshinda mechi 41 na kupoteza 14. Allen Iverson alikuwa moto. Pivo wao, Theo Ratliff, miaka 27, alikuwa akiongoza ligi nzima kwa kukata mipira ya wapinzani, na alikuwa amechaguliwa kwa mechi ya nyota. Kisha kifundo cha mkono wake kikavunjika.

Timu ilikuwa na njia mbili: kungoja kijana apone, ao kutafuta mwingine. Ilichagua njia ya pili. Iliwapa Atlanta Hawks Ratliff pamoja na Toni Kukoc na wachezaji wengine wawili, ikamchukua Mutombo, miaka 34, ambaye mkataba wake ulikuwa unamalizika mwaka uleule.

Kwa Philadelphia, matunda yalionekana haraka. Mutombo alipewa tuzo ya mlinzi bora wa mwaka, ya nne katika maisha yake. Timu ilivuka Indiana, Toronto na Milwaukee, ikafika fainali. Mechi ya kwanza ya fainali iliwashinda Lakers nyumbani kwao, 107 kwa 101, baada ya muda wa nyongeza. Kisha Shaquille O'Neal, aliyepata wastani wa pointi 33 katika fainali ile, akamaliza mjadala: Lakers 4, Philadelphia 1.

Sasa tuangalie upande wa Atlanta, maana ndiyo iliyomchukua pivo mgonjwa. Msimu ule Ratliff hakuwachezea. Msimu uliofuata, 2001-2002, nyonga ikamsumbua, akacheza mechi 3. Mashabiki wakasema wameibiwa.

Hujafa hujaumbika

Lakini hadithi haikuishia hapo, na hii ndiyo sehemu ambayo wanaobishana mara nyingi wanaisahau.

Hadi wakati ule Mutombo alikuwa mfano wa afya. Katika misimu yake 11 ya kwanza hakushuka chini ya mechi 70, isipokuwa mwaka wa 1999, msimu ulipofupishwa kuwa mechi 50, naye akazicheza zote 50. Kama kungekuwa na cheti cha mwili usiovunjika, angepewa yeye.

Agosti 2002, New Jersey Nets, waliokuwa wametoka kupigwa 4 kwa 0 na Lakers katika fainali, walitaka mtu mrefu wa kumzuia Shaq. Wakamchukua Mutombo. Wakatoa Keith Van Horn na Todd MacCulloch. Msimu huohuo kifundo cha mkono cha Mutombo kikahitaji operesheni. Akacheza mechi 24.

Na Ratliff, yule aliyesemwa kwamba amekwisha? Msimu huohuo wa 2002-2003 alicheza mechi 81 kati ya 82. Uliofuata akahamishwa katikati kwenda Portland, na kwa kuwa ratiba za timu hizo mbili zilitofautiana, akacheza mechi 85, kuliko msimu wenyewe ulivyo mrefu.

Mgonjwa akapona, mzima akaumia. MacCulloch naye, ambaye Philadelphia ilimpokea kama mzima, aliacha basketi kwa sababu ya ugonjwa wa neva ulioshika miguu yake. Wazee walishasema: hujafa hujaumbika. Faili ya mganga inakuambia ya jana, ya kesho haiwezi kukuahidia.

Hata hivyo, Atlanta haikufaidika na kupona kwa Ratliff. Wakati amesimama vizuri, timu iliyomzunguka ilikuwa dhaifu, na miaka yote ile haikufika kwenye mechi za mchujo. Kwa hiyo kujua kama atapona hakutoshi. Inabidi kujua pia kama, siku akipona, timu yako bado itakuwa na kitu cha kupigania.

Houston: akiba haiozi

Mwaka wa 2004 Mutombo alifika Houston Rockets. Pale alimkuta Yao Ming, Mchina wa mita 2 na sentimita 29. Katika misimu yake mitatu ya kwanza Yao alikosa mechi 2 tu. Kisha mifupa ya miguu ikaanza kulalamika: mechi 57, halafu 48, halafu 55.

Hapa tusimame kidogo, maana majeraha hayafanani. Mkono haubebi uzito wa mwili. Ukivunjika, ukatengenezwa vizuri, mara nyingi mtu anarudi kuwa yule wa zamani. Mguu wa pivo ni jambo lingine. Kila akiruka na kutua, mifupa midogo ya katikati ya mguu inapokea kilo zake zote, mara mia na zaidi kwa siku. Nyufa zinazokuja polepole kwa sababu ya uzito huo hazitokani na ajali moja. Zinatokana na kazi yenyewe. Zikiungwa, kazi ileile inarudi kuzifungua. Yao alikuwa na ufa wa namna hiyo.

Februari 2008 Rockets walikuwa wameshinda mechi 12 mfululizo, Yao akiwa kiongozi wao karibu na kikapu. Ndipo ikatangazwa kwamba mguu wa kushoto una ufa na msimu wake umekwisha. Watu walijiandaa kwa mazishi. Kocha akamwita Mutombo, miaka 41, kutoka benchi. Timu ikashinda mechi nyingine 10. Mfululizo ule ulifika 22, na Boston ndiyo iliyoukata katikati ya mwezi wa tatu.

Tuseme ukweli wote: katika mchujo, bila Yao, Houston ilitolewa na Utah katika mzunguko wa kwanza. Na Yao mwenyewe aliacha basketi mwaka wa 2011, akiwa na miaka 30. Akiba haikumponya Yao, wala haikuleta kombe. Lakini iliiwezesha timu kupita wiki ngumu bila kuanguka. Timu iliyo na pivo anayeumia na isiyo na Mutombo kwenye benchi imechagua kuanguka siku ileile anapoanguka yeye.

Boston ilifaulu, Dallas ikalia

Tuje kwenye miaka ya karibu. Juni 2023, Boston Celtics walimchukua Kristaps Porzingis, mrefu kutoka Latvia. Faili yake ilikuwa nzito: goti lilikatika kano mwaka wa 2018 alipokuwa New York, na tangu hapo alikuwa amezunguka Dallas na Washington huku akiumia hapa na pale. Boston ilimtoa Marcus Smart, mchezaji ambaye mashabiki walimpenda kama mtoto wa nyumbani. Lakini haikuwagusa Jayson Tatum wala Jaylen Brown, nguzo zake mbili.

Msimu huo Porzingis alicheza mechi 57. Katika mchujo aliumia shavu la mguu, akacheza mechi 7 kati ya 19. Mtu akiangalia hesabu hiyo peke yake atasema wametupa pesa. Lakini kwenye mechi 12 ambazo hakucheza, Boston ilishinda 10, kwa sababu Al Horford, aliyetimiza miaka 38 wakati wa mchujo huo, alikuwa tayari kusimama pale. Na mechi ya kwanza ya fainali ilipofika, Porzingis aliingia kutoka benchi akapata pointi 20 katika dakika 21. Boston ikawa bingwa.

Si mara ya kwanza kwa Boston kufanya hivyo. Mwaka wa 1985 ilimchukua Bill Walton, ambaye miguu yake ilikuwa imemkosesha misimu mitatu mizima. Ilimweka nyuma ya Robert Parish, ikampa dakika zisizofika 20 kwa mechi. Akacheza mechi 80, na mwaka wa 1986 wakachukua ubingwa. Msimu uliofuata Walton alicheza mechi 10 tu. Mguu ulitoa mwaka mmoja, na mwaka mmoja ulitosha.

Sasa Dallas. Mwanzoni mwa Februari 2025, Dallas Mavericks, waliotoka kucheza fainali mwaka uliotangulia, walimtoa Luka Doncic, miaka 25, wakamchukua Anthony Davis, miaka 31. Hakuna anayekataa kipaji cha Davis. Tarehe 8 Februari, mechi yake ya kwanza, alipata pointi 26, akashika mipira 16 iliyorudi kutoka kwenye kikapu, akagawa pasi 7 za kufunga. Kabla robo ya tatu haijamalizika alikuwa ametoka, amejishika paja kwa juu.

Akakaa nje wiki sita. Kwa msimu huo aliichezea Dallas mechi 9 tu. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu Kyrie Irving naye akakatika kano ya goti. Timu haikufika kwenye mchujo. Ndani ya uwanja wao wenyewe mashabiki waliimba kwamba mkuu wa timu, Nico Harrison, afukuzwe. Novemba 2025 alifukuzwa.

Tofauti ya Boston na Dallas ni nini? Wachezaji wote wawili waliumia. Wote wawili walikuwa na faili iliyojulikana. Lakini Boston ilitoa kitu ambacho iliweza kuishi bila nacho. Dallas ilitoa moyo wake. Porzingis alipoumia, Boston ilibaki Boston. Davis alipoumia, Dallas ilijikuta haina Davis wala Doncic.

Na anayekataa naye analipa

Msomaji asifikiri kwamba dawa ni kukataa tu. Wiki ileile ya Februari 2025, Lakers, waliompata Doncic lakini wakabaki bila pivo, walikubaliana na Charlotte kumchukua Mark Williams, kijana mrefu ambaye msimu uliotangulia alikuwa amecheza mechi 19 tu. Walikuwa tayari kumtoa Dalton Knecht, Cam Reddish na haki ya kuchagua kijana katika raundi ya kwanza ya mwaka wa 2031. Kisha waganga wakamchunguza, na Lakers wakafuta makubaliano.

Aprili 2025 wakakutana na Minnesota bila pivo wa kutegemewa. Katika mechi ya nne, kocha JJ Redick alicheza kipindi chote cha pili na watu watano walewale, bila kubadilisha hata mmoja. Katika mechi ya tano, Rudy Gobert wa Minnesota alisimama chini ya kikapu kama mtu aliye shambani mwake: pointi 27 na mipira 24 iliyorudi. Lakers wakarudi nyumbani, 4 kwa 1.

Labda Williams naye angeumia. Waganga walifanya kazi yao. Lakini kukataa mgonjwa bila kutafuta mzima si busara. Ni kubaki na nafasi tupu, na nafasi tupu haipati nafuu.

Basi, achukuliwe?

Kwa maoni yetu, ndiyo, lakini kwa masharti, na sharti la kwanza ni kuacha kujiuliza kama ataumia. Ataumia. Mwenye timu afanye hesabu yake kana kwamba jambo hilo limekwisha kutokea, kisha ajibu maswali manne.

Jeraha lenyewe ni la wapi? Mkono uliovunjika mara moja si sawa na mguu unaopasuka kila mwaka.

Unatoa nini? Ukitoa nguzo ya nyumba, hata ukipata mlango wa dhahabu, utalala nje.

Nani atasimama siku yeye hayupo? Kama jina la mtu huyo halipo kwenye orodha yako, usitie sahihi.

Na unamtaka mwezi gani? Timu inayotafuta kombe mwaka huu inaweza kumlinda, kumpunguzia dakika, ikamtoa Aprili. Timu inayojengwa upya itamlipa wakati anapona, kisha atapona wakati hakuna cha kushinda, kama Atlanta na Ratliff.

Maswali haya si ya Wamarekani peke yao. Goma imemtoa Jonathan Kuminga, Lubumbashi imemtoa Bismack Biyombo, na katika miji yetu ya mashariki kila mwaka anaonekana kijana mwingine anayewapita wenzake kwa kichwa kizima. Kocha anafurahi, na ana haki. Anamchezesha kila mechi, kwenye saruji, viatu vimekwisha soli. Goti likivimba anapakwa dawa, anarudishwa. Hakuna wa kumpumzisha, kwa sababu hakuna aliyeandaliwa kukaa nyuma yake.

Kijana huyo hana mshahara unaoendelea kuhesabiwa akiwa kitandani. Akivunjika, hakuna timu itakayojadili kama imchukue ao imwache. Kwa hiyo yale masharti yanamhusu yeye kuliko Porzingis. Kocha amfundishe wa pili, ampunguzie dakika, akubali kupoteza mechi moja ya mwezi wa pili ili goti lifike mwezi wa sita.

Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58. Alituachia hospitali huko Kinshasa, yenye jina la mama yake. Watu wanakumbuka kidole alichokuwa akikitikisa baada ya kukata mpira. Sisi tunakumbuka pia ule usiku wa 2008, mzee wa miaka 41 akiinuka kwenye benchi kwa sababu mkubwa wa timu ameumia, na mtu alihitajika pale.